Posta Iliyoipa Barabara Kisogo

Mgeni yeyote aliyefika soko la Akolong, kati ya Chakol na Malaba, aliuliza swali moja kabla hata ya kuuliza bei ya karanga: ni fundi gani huyu aliyejenga posta ikatazama shamba la mihogo na kuipa barabara kisogo? Watu wa sokoni walicheka, wakamwelekeza kwa Rosebella Alupo. Rosebella hakuwapenda watu wanaocheka kabla ya kuuliza, lakini jibu alikuwa nalo. Posta haikugeuka. Barabara ndiyo iliyohama. Mwaka wa 1962, jengo lilipojengwa, barabara ilipita mbele, hapo penye mihogo. Baadaye wahandisi walikuja na lami yao wakaipitisha nyuma, na hakuna aliyewauliza kwa nini. "Nyumba haina miguu," alimalizia Rosebella. "Mlitaka ifanye nini?"

Yeye ndiye aliyekuwa karani wa mwisho. Huduma zilipofungwa mwaka wa 2013, wakubwa walituma pikapu ikabeba mizani, simu na kabati la stempu. Jengo halikuguswa kwa sababu halikuwa lao; watu wa Akolong walikuwa wamelijenga kwa mikono yao wenyewe, wakaiazimisha serikali. Ufunguo ukabaki kwa Rosebella. Tangu siku hiyo, kila asubuhi saa mbili, alifungua mlango, akafagia ile sakafu nyekundu, akaketi nyuma ya kaunta ya mvule kama mtu anayemngoja mkaguzi.

Msidhani alikuwa amerukwa na akili. Ukutani kulikuwa na visanduku tisini na sita vya barua, na wenyewe walikuwa bado na funguo zao. Nerima, muuza karanga, aliacha humo ufunguo wa kibanda ili dada yake aukute. Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo, alimwachia shemeji yake dawa za presha. Ndugu wawili waliokosana mpaka hawasemezani walirudishiana vitu vya kuazima kupitia sanduku namba arobaini. Barua zilikwisha, lakini vitu vya watu vilifika, na Rosebella hakumpotezea mtu hata sindano.

Basi ikabandikwa karatasi kwenye nguzo ya mbele. Maofisa wa ardhi watakuja kuandikisha viwanja vya soko, na kiwanja kitakachokosa wa kukidai kitaandikwa kuwa mali ya soko lote na kupewa hati. Watu walimpongeza Rosebella kama mtu aliyepata mjukuu. Hati ilimaanisha paa litatengenezwa. Ilimaanisha pia kwamba hakuna tajiri wa malori atakayekuja siku moja na tingatinga, maana foleni ya malori ya Malaba ilikuwa imerefuka hadi kila mwenye uwanja wa kuyaegesha alikuwa anajenga ghorofa. Rosebella hakuwa na haja nyingine duniani. Alitaka afe akijua nyumba ile imesimama.

Lakini aliisoma ile karatasi mara tatu, na mara ya tatu akakwama kwenye neno kukidai. Kuna maneno aliyoyajua kuhusu kiwanja kile, na wote waliowahi kuyasikia walikuwa wamezikwa isipokuwa yeye.

Juma hilohilo akaja Austin Egwang.

Austin alikuwa mjukuu wa Mzee Egwang, aliyetoa ardhi ya posta. Kazi yake ilikuwa mpakani Malaba, kushughulikia makaratasi ya malori, na alivaa viatu vilivyochongoka mbele ambavyo tope la Akolong halikuvionea huruma. Rosebella alimpenda tangu zamani. Barua ya kumwita shule ya sekondari ilipofika msimu wa mvua, daraja likiwa limezolewa, ni Rosebella aliyevua viatu akavuka kijito maji yakiwa mapajani, barua akiwa ameishika juu ya kichwa, ili mtoto asikose nafasi. Hakuwahi kumkumbusha. Mtu hamkumbushi mtoto wake mambo kama hayo.

"Toto," alisema Austin, akimwita mama kwa Kiteso kama alivyozoea, "nimeamua kuandika kitabu kidogo cha hii posta. Kaunti iko na listi ya majengo ya kitambo. Tukipeleka historia na picha, inaingia kwa listi, na hakuna mtu ataigusa tena."

"Na nani atakusaidia kuandika?"

"Si ni wewe. Nani mwingine anajua?"

Hakuna aliyewahi kumwambia Rosebella maneno matamu kuliko hayo, ukimhesabu na marehemu mume wake.

Majuma matatu wakashinda pamoja. Alimwonyesha kuta zenye unene wa matofali mawili, ndiyo sababu ndani kulikuwa na ubaridi hata Februari. Alimwonyesha madirisha yenye upinde, maana fundi, aliyeitwa Ignatius, alikuwa amejifunza ujenzi kwa mapadri na hakujua dirisha la aina nyingine. Hata matundu ya hewa chini ya paa aliyatengeneza kwa umbo la msalaba. Waanglikana wakalalamika kwamba posta ya umma imefanywa ya Wakatoliki, Ignatius akawajibu kwamba hewa haina dhehebu. Austin alicheka mpaka akashika ukuta. Rosebella akamwonyesha kaunta, iliyoshushwa upande mmoja kwa ajili ya wazee wa mkongojo, na mdomo wa shaba wa kutumbukizia barua, ambao alikuwa akiusugua kwa ndimu na majivu kila Ijumaa.

Kisha akampeleka nje kuusoma ukuta. Mwaka ule kila boma lilidaiwa matofali mia mbili. Kwa kuwa watu ni watu, na wengine wangeleta mia na hamsini wakaapa ni mia mbili, kila boma lilitia alama yake kabla udongo haujakauka: vidole vitatu, kwato ya mbuzi, kisigino cha mtoto. Ukimwacha Rosebella mbele ya ukuta ule angekutajia boma kwa boma, nani alileta, nani alipunja, na nani matofali yake yalipasuka tanuruni kwa sababu ya haraka.

"Hili ni la baba yangu," alisema, akigusa tofali lenye chapa ya gunzi la hindi. "Na haya yote mpaka pembeni."

"Na yetu sisi?"

"Yenu hayako. Babu yako alitoa ardhi. Mwenye kutoa ardhi hakudaiwa matofali."

Austin aliliandika hilo haraka, akalipigia mstari chini. Rosebella aliuona ule mstari na moyo wake ukafurahi. Alidhani mtoto anajivunia babu yake.

Jumamosi ya tatu, saa tisa mchana, Austin alikuja na chungu.

Hapo lazima nieleze, maana bila chungu jambo hili halieleweki. Mzee Egwang hakujua kusoma na hakuiamini karatasi. Kila karani mpya alipokabidhiwa ufunguo wa posta, mzee alimwita pale barazani na kuweka kati yao chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi inayonywewa kwa maji ya moto. Walinyonya kwa mirija mirefu, wawili tu, kisha mzee akamwambia karani maneno ya kiwanja. Makarani watatu walipita hivyo. Rosebella alikuwa wa nne, mwaka wa 1981, msichana wa miaka ishirini na miwili ambaye pombe ile ilimkwaruza koo. Na chungu kilikuwa na sheria yake, aliyoisema mzee mwenyewe: chungu kikiwa kati yenu, ukiulizwa neno hulifichi, na mwenye kuuliza hakutegi.

Mzee alipokufa, chungu kilikufa naye. Wanawe walitawanyika Jinja na Nairobi, wakamsahau karani.

"Nyanya aliniambia babu alikuwa anakaa na kila karani hapa," alisema Austin, akikitua chungu taratibu. "Nataka nifanye vile babu alifanya. Ndio kitabu kikamilike."

Rosebella alilia. Hakujificha, alilia waziwazi akijifuta kwa upindo wa kitenge. Miaka thelathini hakuna Egwang aliyemkumbuka, na sasa huyu hapa, na viatu vyake vilivyochongoka, amechemsha maji na kutafuta mirija. Aliketi upande alioketi mwaka ule. Akanyonya kidogo, mara mbili tatu, kwa heshima tu, maana daktari alikuwa amemkataza.

"Sasa, Toto," alisema Austin, "babu alikuwa anasema nini kwa hiki chungu?"

Angeweza kusema amesahau. Mwanamke wa miaka sitini na sita ana haki ya kusahau. Lakini chungu kilikuwa kati yao.

"Alisema hivi: Ardhi hii nimeipa barua, sikuwapa watu. Siku karani atakapopiga mhuri wa mwisho, ardhi irudi kwa watoto wangu, nanyi mchukue matofali yenu."

Austin hakutingishika. "Na mhuri wa mwisho ulipigwa lini?"

"Ijumaa, tarehe thelathini Agosti, 2013, saa sita na robo. Barua ya jirani yangu, mama yake Sylvia, ilikuwa inaenda Port Victoria." Baada ya kusema hivyo alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mtungi, maana miaka kumi na miwili ni mingi kubeba neno peke yako. Kisha akaingiwa na hofu kidogo. "Lakini nyumba ikiingia kwa listi ya kaunti, hayo si yamepita, mwanangu?"

"Yamepita, Toto," alisema Austin. Aliinama akanyonya, mrija mdomoni, macho chini. Simu yake ilikuwa ukingoni mwa baraza, imelazwa kifudifudi.

Siku kumi baadaye maofisa wa ardhi walikuja. Meza iliwekwa palepale barazani, Chifu Elungat akaketi pembeni na kofia yake magotini, na soko zima likajaa kwenye shamba la mihogo mpaka mwenye mihogo akachoka kufoka. Viwanja vilisomwa kimoja kimoja. Rosebella alikuwa amevaa gauni la Krismasi. Nerima alikaa karibu naye, akimmegea karanga.

"Kiwanja cha posta," alisoma ofisa. "Kuna mwenye kudai?"

"Hakuna!" walijibu watu wengi kwa furaha.

"Niko," alisema Austin.

Mwanzoni Rosebella alidhani anataka kuongea juu ya kitabu. Hata alitabasamu. Austin akatembea hadi mezani bila kumwangalia, akasema kwamba familia ya Egwang inadai ardhi yake kufuatana na mapatano ya babu, na kwamba shahidi yupo. Akaweka simu mezani, akabonyeza. Sauti ya Rosebella ikatoka. Ilikuwa sauti tulivu, yenye furaha, na aliisikia ikitaja maneno ya chungu moja baada ya jingine, na tarehe, na saa sita na robo. Pale aliposema "mwanangu" palikuwa pamekatwa.

Mambo yote yakajipanga kichwani mwake: ule mstari chini ya neno ardhi, zile picha alizopiga, nyingi za mipaka ya kiwanja na chache za madirisha, na yule mtu wa malori kutoka Malaba aliyesimama leo kando ya pikipiki za boda, akipima uwanja kwa macho. Hakukuwa na listi. Hakukuwa na kitabu. Uchungu haukuwa wa nyumba kwanza, uchungu ulikuwa wa kile chungu. Mtoto aliyevukishiwa barua juu ya kichwa alikuwa amenyonya mrija wa babu yake kama mtego.

Chifu Elungat alikuwa mtu wa Akolong, na baba yake alileta matofali ya vidole vitatu. Alikohoa. "Mama Rosebella," alisema polepole, kama anayemshika mtu mkono kumvusha, "sisi tunajua hii ajono. Mtu akikunywa, hasa mtu mzima, anaweza kuongea mambo mingi hata hakumbuki. Mbele ya hawa maofisa, nakuuliza tu. Siku hiyo ulikuwa umelewa?"

Kila mtu alielewa kwamba Rosebella amepewa njia ya kutokea. Ofisa mwenyewe alishikilia kalamu juu ya karatasi, anangoja.

Nerima alimfinya pajani. "Sema ndio, dada. Sema ulikuwa umelewa. Ni neno moja tu."

Rosebella alimtazama Austin. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Austin naye alimtazama, na uso wake ulikuwa umekauka kwa hofu. Alikuwa anajua. Neno moja la mwanamke mzee na nyumba ingesimama, na yeye angerudi Malaba akizomewa na wauza mboga. Na wala lisingekuwa jambo gumu, maana mdanganyifu akidanganywa nani atamlilia? Rosebella alilitamani neno lile kama mtu mwenye kiu. Lakini alimwona pia Mzee Egwang, ambaye hakuwa na karatasi, aliyemwangalia msichana wa miaka ishirini na miwili akaamua kwamba kichwa chake kinatosha kuwa hati. Akisema alikuwa amelewa, maneno ya mzee yanakufa leo, na aliyeyaua ni yeye.

"Sikuwa nimelewa," alisema.

"Mama, sikiliza vizuri swali..."

"Nimesikia, chifu. Nilinyonya mara tatu. Maneno ni ya Egwang na tarehe ni ile. Alinidanganya kuhusu kitabu, hilo nalo liandikwe. Lakini maneno ni ya kweli."

Ofisa akasema udanganyifu wa kitabu si jambo la ardhi. Akaandika.

Kelele iliyotoka kwenye shamba la mihogo Rosebella hakuitarajia. Alidhani watamgeukia Austin. Walimgeukia yeye. "Amekula huyu!" mtu akapaza sauti. "Wamegawana!" Mwingine akauliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo na kuja kufumbua mdomo leo, na swali hilo likapita kutoka mtu hadi mtu na kila mtu akaliongezea chumvi. Kufikia saa nane ilikuwa inajulikana hadi Chakol kwamba Rosebella ameuza posta na kwamba gauni lile jipya si la Krismasi.

Mchana ule wakaja kutoa vitu vyao. Rosebella alikwenda kusimama nyuma ya kaunta, kwa sababu hakujua pengine pa kusimama. Waliingia mmoja mmoja na funguo zao, wakafungua visanduku, wakachukua kilichokuwemo, wakaacha vijilango wazi. Hakuna aliyemsalimu. Mwanamke wa ng'ambo alichukua dawa za presha na kuzihesabu mbele yake, kidonge kwa kidonge, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hilo lilimuumiza kuliko makelele yote. Nerima alikuja wa mwisho. Alichukua ufunguo wa kibanda, akasita mlangoni.

"Neno moja tu nilikuomba, dada," alisema, akaenda zake.

Saa kumi na moja jioni Austin aliingia. Alikuwa amevua koti. Alisimama upande wa wateja kama mtu aliyekuja kununua stempu.

"Toto, usinichukie. Ni ardhi yetu. Wewe mwenyewe umesema."

"Ni yenu. Sijakataa."

"Nimeongea na yule mtu. Matofali mtachukua yote, hata yeye atawapatia lori ya kubeba."

"Mbona hukuniuliza?" Sauti ya Rosebella ilikuwa ndogo, na udogo huo ulimshangaza yeye mwenyewe. "Njia uliijua. Ungekuja hapa, mchana kama huu, useme tu: Toto, hiki kiwanja kilikuwa chetu? Kulikuwa na haja gani ya kitabu? Kulikuwa na haja gani ya chungu?"

"Na ungeniambia?"

Rosebella alifungua mdomo kumjibu. Alitaka kusema ndiyo, na alitaka sana iwe kweli. Lakini aliwaza ile miaka kumi na miwili ya kufagia na kunyamaza, na lile tangazo alilolisoma mara tatu kisha akaenda nyumbani bila kumwambia mtu. Labda angemwambia. Labda siku ikifika, maofisa wakiuliza nani anadai, angesimama yeye mwenyewe na gauni lake la Krismasi akayasema maneno ya Egwang mbele ya watu wote, kwa hiari yake, bila simu. Labda angekula karanga za Nerima akanyamaza.

"Sijui," alisema. "Nyumba bomoa, ni matofali. Lakini mimi ningekuwa mtu wa namna gani siku ile, hilo sitalijua tena mpaka nife. Umeniibia hilo, Austin, na halirudi."

Austin alisimama, mkono wake ukiwa umenyooshwa kidogo kuelekea ufunguo wa posta. Rosebella akaufungua kutoka kwenye kamba aliyokuwa akiivaa shingoni, akampa.